NITRO KIASI GANI? MAFUTA YA INJINI NDOGO ZA EROPLENI

Muhula uliopita wanafunzi wa Chama cha Sayansi waliniletea swali ambalo niliahidi kulijibu katika gazeti hili, kwa sababu jibu lake ni refu kuliko zile dakika chache zinazobaki baada ya kipindi. Walikuwa wameiona injini ndogo ya eropleni ya mfano iliyomo katika kabati la maabara, ambayo ukubwa wake ni sentimeta za ujazo 7.5, nao walikuwa wamesoma ya kwamba mafuta yake huuzwa kwa namna nyingi. Mengine hayana nitro kabisa, mengine yana nitro sehemu 5 katika mia, mengine 10, 15, 25, hata 30. Basi wakauliza: "Mwalimu, ikiwa nitro huongeza nguvu, mbona tusinunue yale yenye nitro nyingi kuliko yote?"

Swali hili si la mchezo. Fedha zilizochangwa zatosha kopo moja tu, tena kopo lenyewe haliuzwi Mwandoya wala Bariadi. Ni la kuagizwa mbali, na husafirishwa kwa masharti ya mizigo ya hatari. Injini nayo ni moja. Tukichagua vibaya, tutakuwa na kopo lisilofaa au injini iliyotoboka pistoni. Kwa hiyo yafaa tukae na kalamu na karatasi kabla ya kutoa fedha.

Kwanza tuiangalie injini yenyewe. Ni ya mipigo miwili, kama zile injini za misumeno ya mbao na za mabomba ya kunyunyizia dawa ya pamba yanayobebwa mgongoni. Lakini haina koili ya umeme wala cheche. Juu ya silinda pana plagi ambayo ndani yake mna kiwaya chembamba kilichosokotwa, chenye madini ya platini. Wakati wa kuwasha, kiwaya hupewa umeme wa volti 1.5 kutoka katika betri mpaka kiwe chekundu. Injini ikiisha kushika, betri huondolewa, na kiwaya huendelea kuwaka chenyewe. Mmarekani aitwaye Ray Arden ndiye aliyezitoa plagi hizi kwa wanunuzi mwaka 1947, na tangu hapo wapenzi wa eropleni za mfano wakaacha kubeba betri na koili angani, mzigo ambao kwa eropleni ya kilo mbili si mdogo.

Kiwaya huwakaje bila umeme? Hapa ndipo kemia inapoingia. Mafuta makuu ya injini hii ni methanoli, jamaa wa spiriti. Mvuke wa methanoli ukigusa platini ya moto pamoja na hewa, huungana na oksijeni pale pale juu ya madini, na kazi hiyo hutoa joto. Platini yenyewe hailiwi. Ni kichocheo, kama tulivyojifunza. Joto hilo, pamoja na joto la mgandamizo pistoni inapopanda, hutosha kuuwasha mchanganyiko kila mzunguko. Petroli haifanyi hivyo juu ya platini kwa namna ya kufaa, na ndiyo sababu huwezi kuchota petroli ya pikipiki ukaimimina humu. Mwanafunzi mmoja alitaka kujaribu. Asijaribu.

Sasa nitro. Jina lake kamili ni nitromethani, CH₃NO₂. Wengi hudhani ya kuwa ni mafuta makali, yenye joto jingi kuliko mengine. La hasha! Gramu moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilojuli 44. Gramu moja ya methanoli, karibu 20. Gramu moja ya nitromethani, karibu 10.5 tu. Kwa kipimo cha joto, nitro ni mafuta dhaifu kuliko yote matatu. Nguvu yake basi yatoka wapi?

Yatoka katika jambo ambalo watu husahau, nalo ni kwamba injini haishibi mafuta, hushiba hewa. Mafuta unaweza kuyamimina upendavyo kwa kufungua sindano ya kabureta, lakini hewa iingiayo katika silinda ni kiasi kile kile kila mpigo, kwa kuwa silinda haitanuki. Hivyo swali la haki si "gramu moja ya mafuta hutoa joto kiasi gani?" bali ni "hewa iliyomo silindani itaweza kuunguza mafuta kiasi gani, na joto lote litakuwa kiasi gani?"

Ninyi wa Kidato cha Tatu mmejifunza moli, basi fuateni nami. Methanoli huungua hivi:

2CH₃OH + 3O₂ → 2CO₂ + 4H₂O

Na nitromethani huungua hivi:

4CH₃NO₂ + 3O₂ → 4CO₂ + 6H₂O + 2N₂

Angalieni upande wa oksijeni. Katika milinganyo yote miwili ni moli 3, yaani gramu 96. Hewa ina oksijeni kama sehemu 23 katika mia kwa uzito, kwa hiyo gramu 96 hizo zimo katika gramu 414 za hewa, au karibu na hapo. Hewa hiyo moja huunguza methanoli moli 2, yaani gramu 64. Lakini huunguza nitromethani moli 4, yaani gramu 244! Sababu ni kwamba kila molekuli ya nitro imekuja na oksijeni yake mbili mfukoni, kama msafiri aliyefunga chakula chake, naye haombi sana kwa mwenyeji.

Zidisheni sasa. Gramu 64 za methanoli kwa kilojuli 20 ni kilojuli 1,280. Gramu 244 za nitro kwa kilojuli 10.5 ni kilojuli 2,562. Hewa ni ile ile, silinda ni ile ile, na joto limekuwa mara mbili. Hiyo ndiyo siri yote ya nitro. Huko Marekani magari ya mbio fupi za mstari mnyofu, yale yanayomaliza mbio zao katika meta 305 tu, hutumia mafuta yenye nitro hadi sehemu 90 katika mia, na injini zake hufumuliwa na kukaguliwa baada ya kila mbio. Neno hili la mwisho mliweke akilini.

Hapa kwetu tuna sababu maalum ya kuifikiria nitro, nayo ni nchi yenyewe. Ziwa Victoria liko meta 1,134 juu ya bahari, na nchi yetu hii ya Meatu si tambarare ya pwani. Tukichukua kimo cha ziwa kuwa kipimo chetu, kanieneo ya hewa ni kadiri ya sehemu 87 katika mia ya ile ya Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba, joto likiwa sawa, silinda ya injini yetu hupata hewa pungufu kwa sehemu 13 katika mia, na nguvu hupungua vivyo hivyo. Tena joto lenyewe hupunguza: hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa sehemu 5 katika mia kuliko hewa ya nyuzi 15. Mtengenezaji wa injini anaposifu nguvu zake, hakuzipima Mwandoya saa saba za mchana mwezi wa Oktoba.

Anayedhani kwamba hewa ya joto ni jambo la vitabu tu, na asome habari za Rufiji. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya mto ule, na Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Mwezi wa Februari waliletewa eropleni za majini za Sopwith, zenye injini za Gnome za nguvu ya farasi 100. Ulaya zilikuwa zikiruka vyema. Katika joto la pwani yetu zilishindwa kupanda kama ilivyotakiwa, hasa zikiwa na mzigo wa mabomu. Ilibidi kuleta eropleni nyingine za nchi kavu, ambazo ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia na kuwaongoza wapiga mizinga, hata manowari ile ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Na jambo la kupendeza kwetu ni kwamba injini zile za Gnome zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, ambayo mpaka leo yamo katika makopo mengi ya mafuta ya eropleni za mfano. Sababu ni rahisi: mafuta ya kawaida ya injini hayayeyuki katika methanoli, hukaa mbali nayo kama maji na samli, bali mafuta ya nyonyo huyeyuka vizuri, tena hayakimbii yanapopata moto mkali. Mnyonyo, ule ule unaoota wenyewe majalalani na kando ya maboma! Lakini msikamue mbegu zake kwa ajili ya injini, kwa kuwa mbegu yenyewe ina sumu kali, na mafuta ya injini yanatakiwa yawe safi kabisa.

Turudi kwenye hesabu, maana sasa tunaweza kuuliza swali sawasawa. Hewa yetu imepungua sehemu 13 katika mia. Je, nitro kiasi gani itaturudishia hasara hiyo?

Chukueni mililita 100 za mafuta yenye nitro 15, methanoli 65 na mafuta ya kulainisha 20. Mililita moja ya methanoli ina uzito wa gramu 0.79, ya nitro gramu 1.14. Basi tuna methanoli gramu 51.4 na nitro gramu 17.1. Methanoli itataka oksijeni mara 1.5 ya uzito wake, yaani gramu 77. Nitro itataka mara 0.39, yaani gramu 6.7. Jumla ni gramu 83.7. Joto litakuwa kilojuli 1,028 kutoka kwa methanoli na kilojuli 180 kutoka kwa nitro, jumla 1,208. Gawanyeni: kila gramu ya oksijeni imetoa kilojuli 14.4. Methanoli peke yake ingetoa 13.3. Faida ni sehemu 8 katika mia.

Nimefanya hesabu hiyo hiyo kwa nitro 10, nikapata faida ya sehemu 5 katika mia. Kwa nitro 25 nikapata karibu 15. Kwa hiyo, kwa karatasi, atakayeirudisha injini yetu katika nguvu za Dar es Salaam ni nitro ya sehemu kama 25 katika mia. Wanachama walipoziona hesabu hizi walishangilia wakasema, "Basi ni 25!" Nikawaambia wangoje.

Ya kwanza ni matumizi. Kwa kuwa nitro huhitaji hewa kidogo, hewa ile ile italitaka tangi limwage mafuta zaidi. Mililita 100 za mafuta yasiyo na nitro huhitaji oksijeni gramu 95 hivi. Zenye nitro 25 huhitaji gramu 76 tu. Maana yake injini itakunywa zaidi kwa karibu robo. Tangi la mililita 300 lililokuwa likienda dakika 12 sasa litaisha kabla ya dakika ya 10, na sindano ya kabureta lazima ifunguliwe zaidi. Mtu akiweka mafuta mapya akaiacha sindano pale pale ilipokuwa, injini italia kwa sauti kali ya kupendeza, itapata moto kupita kiasi, na dakika mbili baadaye itakuwa imekwama. Na nitro ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya kopo. Tunalipa zaidi na kopo linaisha upesi zaidi.

Ya pili ni mgandamizo. Nitro huharakisha kuwaka. Injini iliyotengenezwa kwa nitro kidogo ina mgandamizo mkubwa. Ikipewa nitro nyingi huwaka kabla pistoni haijafika juu, nayo hupigwa kichwani wakati ingali inapanda. Dalili yake ni mlio kama wa kukaanga mafuta, na plagi zinazokatika kiwaya kila mara. Dawa yake ni kuongeza gasketi nyembamba ya shaba chini ya kichwa cha silinda ili kupunguza mgandamizo, na kutumia plagi isiyo ya moto sana. Yote hayo yawezekana, lakini yahitaji vipuri tusivyo navyo.

Ya tatu ni kutu. Mabaki ya nitro yakiungua pamoja na unyevu huzaa asidi, na methanoli yenyewe hunyonya maji kutoka hewani kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Vyote viwili hubaki ndani ya injini na kuila beringi. Mwenye kuruka kila Jumamosi hatajali sana. Sisi tutakaoruka mara tatu kwa muhula, injini yetu italala na asidi hiyo wiki nyingi. Kwa hiyo kila siku ya kazi ikiisha ni lazima mafuta yote yamwagwe kutoka katika tangi, injini izungushwe mpaka ikauke, kisha itiwe matone ya mafuta mepesi ya mashine katika plagi na kabureta.

Isidhaniwe kwamba nitro haina wema mwingine. Nitro kidogo huifanya injini iwake kwa urahisi na kunguruma polepole bila kuzimika, jambo ambalo kwa wanaojifunza ni bora kuliko kasi. Lakini nitro 5 au 10 yatosha kwa hilo. Tena katika mashindano ya kimataifa ya eropleni za kasi zinazorushwa kwa nyaya, kanuni zinataka mafuta ya methanoli 80 na mafuta ya nyonyo 20, bila nitro hata tone, na eropleni zile huenda mbio kuliko pikipiki yoyote iliyopita Mwandoya. Huko Ulaya, tangu Februari 2021, mtu wa kawaida asiye na leseni haruhusiwi kununua mafuta yenye nitro zaidi ya sehemu 16 katika mia kwa uzito, kwa hofu ya watu waovu wanaoweza kuitumia kwa baruti. Wapenzi wa eropleni za mfano wa huko walinung'unika, lakini wanaruka.

Na nguvu zetu zilizopotea? Shauri langu ni tuzitafute katika rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, si katika kopo. Hewa yetu nyepesi haiipingi rafadha kama hewa ya pwani inavyoipinga. Kwa hiyo injini iliyochoka kidogo huku juu yaweza kuzungusha rafadha ndefu zaidi kwa inchi moja na yenye mkunjo mdogo, ikavuta hewa nyingi zaidi kwa mwendo wa polepole. Rafadha ni kitu cha bei ndogo sana kuliko kopo la nitro 25, tena haileti kutu. Eropleni tunayoijenga ina bawa pana, haikukusudiwa kwa mbio. Ndiyo sababu nimeandika katika hati ya kuagiza: nitro 10, mafuta ya kulainisha 20, na katika hayo 20 sehemu fulani iwe ya nyonyo. Kama fedha zingekuwa nyingi nadhani ningeandika vivyo hivyo. Wengine watasema tungeacha mafuta tukanunua mota ya umeme na betri, kama wafanyavyo warushaji walio wengi siku hizi. Hawakukosea, lakini mota ya umeme haitawafundisha moli.

Liko jambo moja ambalo si la hesabu. Methanoli ni sumu. Harufu yake ni kama ya pombe, na ulevi wake wa kwanza ni kama wa pombe, na hapo ndipo ilipo hatari. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi ile ile inayorushwa na chungu wa kahawia wakaao miembeni, ambao watu wa pwani huwaita maji moto, na asidi hiyo hula mshipa wa macho. Mililita 10 zaweza kupofusha, na 30 zaweza kuua. Mwezi wa Mei 2014 huko Kenya, katika Embu, Kitui na sehemu nyingine, watu zaidi ya 60 walikufa kwa siku chache kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Tena mwali wake hauonekani katika jua. Mtu aweza kuungua mkono bila kuuona moto. Kwa hiyo kopo litafungiwa katika kabati la chuma la maabara, funguo zitakaa kwangu, na halitamiminwa kamwe katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika moja, hata na mwanachama mwaminifu. Mikono ioshwe, maana hupita katika ngozi pia. Wala mtu asichanganye mafuta yake mwenyewe. Tutanunua yaliyokwisha kuchanganywa.

Kuruka kwenyewe kutangoja barua. Eropleni inayoongozwa kwa redio yahusika na kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nasi hatutairusha kabla ya kupata jibu lao kwa maandishi. Wakati tunangoja, injini itafungwa juu ya meza imara nyuma ya karakana na kuzoezwa hapo, tangi baada ya tangi, sindano ikiwa wazi na moshi ukiwa mwingi. Watazamaji wasimame nyuma yake, kamwe wasisimame mbele wala ubavuni mwa rafadha.

Kwa wanaotaka kujipima: mafuta yana nitro 20, methanoli 60 na mafuta ya kulainisha 20 kwa ujazo. Tafuteni faida yake juu ya methanoli tupu kwa kila gramu ya oksijeni, kisha mtafute tangi la mililita 300, ambalo kwa mafuta yasiyo na nitro lingekwenda dakika 12, litakwenda dakika ngapi. Jibu langu la swali la kwanza liko kati ya 11 na 12 katika mia. Karatasi ziletwe maabara kabla ya kufunga shule, na mwenye kupata yote mawili ndiye atakayeshika betri ya plagi siku ya kwanza.